Aliyeitikia Jina la Kastori

Gasorwe, 14 Februari 2021

Kaka Uthmani,

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nyumba ya mama ina vyumba viwili na ukuta wa katikati haufiki kwenye bati. Ninalosema huku linasikika kule. Na sasa yupo mtu humu ndani ambaye sitaki anisikie. Barua hii nampa Anatoli, dereva wa basi la Muyinga, akuletee hapo Gitega mkononi. Jibu lako mpe yeye huyohuyo.

Nianze na kazi, maana nimekasirika. Isuka mpya uliyonitumia, hiyo lugha yetu ya kompyuta, imeangusha programu zote za wanafunzi wangu. Tulipoianza lugha hii pale chuoni, mimi na wewe, tulitaka mtoto wa sekondari aweze kuiamuru kompyuta kwa maneno anayoyaelewa. Akitaka kujua kitu ni cha aina gani, aandike umbo lake tu, na Isuka ikilinganishe: tazama tarehe, ikiwa ni mosi, Januari, mwaka wowote, fanya hivi. Ndivyo wanafunzi walivyoandika. Unajua kwa nini Januari mosi. Wazazi wao wengi walizaliwa njiani au kambini, hakuna aliyekumbuka siku, na karani akawaandikia wote tarehe hiyohiyo. Programu ilikuwa inawatambua watu hao ili waulizwe upya kwa utaratibu. Leo inajibu kwamba ndani ya tarehe hakutazamwi. Msichana mmoja ameniuliza, "Mwalimu, tarehe imefungwa na nani?" Nikashindwa kumjibu kwamba imefungwa na rafiki yangu bila kuniambia.

La pili. Kastori amerudi.

Nilikusimulia habari zake: kaka yangu mkubwa, tuliyepotezana naye mwaka 1996 tulipokuwa tunakimbilia Tanzania, mimi na miaka minane, yeye kumi na mmoja. Jumanne mama alikuwa anaanika maharage uani. Akamwona mwanaume amesimama njiani, ameshika kofia mkononi. Hajafungua mdomo, mama akapiga ukelele, "Kastori!", akamkimbilia na ile miguu yake mibovu akamkumbatia. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta majirani wamejaa, pombe ya ndizi imeletwa, na yeye ameketishwa kwenye kiti cha marehemu baba.

Anajua kila kitu, Uthmani. Anajua ng'ombe wetu aliitwa Gaju. Anajua mlango wa nyumba ya zamani ulikuwa upande gani. Aliponiona aliinuka, akasema polepole, "Kanyoni." Jina hilo alinipa Kastori, tulikuwa tunaitana kwa siri, hata mama halijui.

Ningepaswa kulia kwa furaha. Badala yake nilianza kumchunguza. Ukimwita, anachelewa kugeuka. Kidogo tu. Kama mtu anayempisha mwingine ageuke kwanza.

Nijibu yote mawili.

Paskazia


Gitega, 20 Februari 2021

Dada Paskazia,

Salama hapa, mama yangu Salima anakusalimia sana. Barua imefika vizuri.

Bon, pole kwa programu. Ni kweli, mi njo nilifunga tarehe, na ilikuwa mbaya kutokukwambia. Lakini sikia sababu. Zamani tarehe ndani yake ilikuwa namba tatu: siku, mwezi, mwaka. Ukitaka kujua siku ngapi zimepita kati ya tarehe mbili, ilikuwa taabu tupu. Sasa ndani iko namba moja tu, hesabu ya siku tangu siku ya mwanzo niliyochagua. Hesabu zote zimekuwa nyepesi. Lakini wanafunzi wako walizoea kuingiza mkono ndani na kushika zile namba tatu. Mi nikibadilisha ndani, mkono wao unashika hewa. Donc nikafunga. Mtu aiulize tarehe, "Mwezi wako ni gani?" itamujibu. Vile iko ndani, hiyo si kazi yake.

Iko na sababu ingine, sijawahi kukwambia vizuri. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona, alikuwa anaenda soko ya Giheta na cherehani yake kwenye baiskeli. Wakati wa vita, siku moja ya soko, watu walimusimamisha barabarani. Hawakumuuliza jina. Hawakumuuliza anatoka wapi. Walitazama urefu wake, walitazama pua, wakasema, "Njo hawa tunaowatafuta." Ni vile tu. Wenzake walirudi na baiskeli bila yeye. Mama mpaka leo, kukiwa kimya mchana nyumbani, ananiambia nikatazame nani anashona.

Kwa hiyo kila mara naandika "ikiwa umbo ni hii", mi naona ile barabara. Kutazama umbo bila kuuliza, mi naogopa. Kitu kiwe na ndani yake, na ndani ibaki ya kwake.

Kuhusu Kastori: mbona unaandika kama mtu iko kwenye kilio? Mtoto amerudi! Miaka ishirini na tano inabadilisha hata masikio. Umwache. Usimfungue.

Uthmani


Gasorwe, 3 Machi 2021

Kaka Uthmani,

Nimesoma habari ya baba yako mara nyingi. Sikuijua hivyo. Pole, na mpe mama Salima pole yangu.

Lakini nitakupinga palepale panapokuuma. Kambini sisi tulipatikana kwa kutazamwa. Mama mmoja alimpata mwanawe kwa alama ya moto begani, mtoto hajui hata jina lake mwenyewe. Angemuuliza angejibiwa nini? Waliomkosea baba yako hawakukosea kwa kutazama, walikuwa wameshaamua. Na wanafunzi wangu sasa, kwa ajili ya mlango wako, wanauliza: siku yako ni ipi, ni mosi? mwezi wako ni upi, ni Januari? Kitu kilichokuwa mstari mmoja kimekuwa ukurasa, na katika ukurasa huo wanapotea.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu huyu si Kastori.

Nimekuwa nikimtazama. Njiani anatembea ukingoni kabisa, majani yanamlowesha suruali, na upande wake mmoja anaacha nafasi ya mtu. Akilala mchana baada ya kulima, midomo yake inataja jina la Kastori. Nani hujiita mwenyewe usingizini? Hayo yote nilijiambia ni mambo ya vita. Mpaka Jumapili.

Baada ya misa majirani walimwomba asimulie ya utotoni. Akasimulia jinsi ndama wa Gaju alivyochukuliwa na maji ya mto, na yeye, Kastori, mtoto wa miaka kumi, akajitosa akamvuta kwa masikio mpaka nchi kavu. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa anatazama chini.

Uthmani, siku ile mimi nilikuwepo. Ndama aliokolewa na baba. Kastori alikuwa juu ya mti analia. Halafu jioni yake, na kila siku baadaye, aliwaambia watoto wote wa kijiji chetu mlimani kwamba ni yeye, na mimi nilikuwa namcheka mpaka ananikimbiza. Kastori mwenyewe asingethubutu kuisimulia hadithi hiyo mbele yangu. Anayeweza kuisimulia kwa uso mkavu namna ile ni mtu aliyeambiwa na Kastori, na akaamini.

Unaelewa maana yake? Kaka yangu aliishi baada ya kupotea. Alipata mtu wa kukaa naye, akamwambia ya Gaju, akamwambia ya Kanyoni, akamdanganya kuhusu ndama. Nilisikia majivuno yake yaleyale, kwa kinywa cha mtu nisiyemjua, na nilitaka kucheka kama zamani. Badala yake niliondoka, nikaenda nyuma ya nyumba.

Nitamfungua. Nitamuuliza mbele ya mama na mbele ya watu, mpaka aseme amemfanya nini.

Paskazia


Gitega, 6 Machi 2021

Dada Paskazia,

Naandika nimesimama, Anatoli anapiga honi.

Usifanye vile. Nakuomba. Mbele ya watu hapana. Wewe umeshaamua "amemfanya nini", bado hujamsikia. Umeniambia mwenyewe kosa la wale watu wa barabarani ilikuwa gani.

Umenifanya nifikiri, na mi naona tulikuwa tunagombana bure. Sikia. Kitu kibaki kimefungwa, lakini chenyewe kiandike sura ambayo kinakubali kutazamwa nayo. Tarehe iseme: ndani niko vile ninavyojua mimi, lakini anayetaka kunitazama, nampa sura hii, siku, mwezi, mwaka. Wanafunzi wataandika umbo kama zamani, mstari mmoja. Mi nikibadilisha ndani, mi mwenyewe natengeneza upya ile sura, na hakuna programu inaanguka. Kutazama kunabaki, kufungwa kunabaki. Nimeandika tayari, iko kwenye flash ndani ya bahasha. Sura inaenda pande mbili: kutoka ndani kuja nje, na kutoka nje kurudi ndani.

Na huyo mtu pia. Usivunje mlango. Muombe akupe sura mwenyewe.

Uthmani


Gasorwe, 19 Machi 2021

Kaka Uthmani,

Barua yako ilinikuta nikiwa nimeshanyamazishwa. Nilimwambia mama jikoni, "Huyu si mwanao." Hakuuliza kwa nini. Alisema tu, "Ukimuuliza, utoke wewe kwenye nyumba yangu," akaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kwa ajili ya chumvi na maji.

Sura zako ni nzuri, nikiri. Programu zimeamka zote, darasa lilipiga kelele. Lakini hizo pande mbili ni kosa, na nimeliona kwa macho. Mwanafunzi mmoja, kwa mchezo, aliandika sura ya siku ya thelathini na moja, mwezi wa Februari. Isuka ikaipokea, ikairudisha ndani, ikamjengea tarehe. Ikahesabiwa siku zake kama tarehe nyingine. Ukiiomba sura yake, inajibu Machi tatu. Imeingia ikiwa kitu kimoja, imetoka kingine, na haioni aibu. Niliitazama mpaka kengele ikalia, kwa sababu nyumbani ndilo hilohilo linalofanyika.

Mama ameanza kumposea mtu huyu. Kuna binti wa mlima wa pili, Efrazia, watu wazuri. Padri ameombwa cheti cha ubatizo cha Kastori. Mjumbe wa mlima ameambiwa shamba la baba liandikwe kwa Kastori. Wamechukua sura, jina, ng'ombe, mlango, ndama, na kwa vitu hivyo wanajenga mtu hai na kumwozesha. Na yeye haongei. Anakonda. Jana nilimkuta kisimani amejaza dumu zamani, maji yanamwagika miguuni, hajui.

Kutoka ndani kuja kwenye sura, sawa. Kutoka kwenye sura kurudi ndani, hapana, Uthmani. Ukijua kila kitu cha kumtambulisha mtu, bado huwezi kumtengeneza.

Nisaidie, maana siku ya mahari imetajwa. Ni baada ya Pasaka.

Paskazia


Gitega, 24 Machi 2021

Dada Paskazia,

Umenishinda, na nafurahi umenishinda. Sura iwe ya kutazama tu. Anayetaka kujenga tarehe apite mlango mmoja, na mwenye tarehe njo anasimama kwenye mlango, anakagua. Februari thelathini na moja irudishwe ilikotoka. Nimeshaondoa ile njia ya kurudi. Ni upande mmoja sasa.

Lile la nyumbani mi sina programu yake. Nilimwambia mama Salima habari yote, unisamehe. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwambie Paskazia huyo mtu amechoka. Amebeba maiti miaka mingi na hawa wamempandishia harusi juu yake." Akaniuliza kama nakumbuka sauti ya baba. Nikasema hapana. Akaanza kunieleza namna alivyokuwa anakohoa, namna alivyokuwa anaita wateja. Ilikuwa mara ya kwanza. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Umuendee bila hasira. Nakuombea.

Uthmani


Gasorwe, 2 Mei 2021

Kaka Uthmani,

Nimechelewa kuandika kwa sababu tulikuwa kwenye msiba. Nikueleze tangu mwanzo.

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa sote wawili shambani, tunapalilia. Mama alikuwa nyumbani. Nilisimama, nikamwambia, "Sikuulizi wewe ni nani. Niambie tu unalotaka wewe nilijue."

Alilima kwanza mstari mzima. Halafu akaweka jembe chini.

"Siku ile niliyosimulia ya ndama hukucheka," alisema. "Yeye aliniambia, Kanyoni akisikia hadithi ya ndama atacheka sana. Nilikuwa nangoja ucheke. Ulipoondoka nikajua nimeharibu."

"Jina lako nani?"

"Longino."

Walikutana njiani, upande wa Ngara, watoto wawili waliopotelewa na watu wao. Hawakuingia kambini, walichukuliwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe wakachunga kwake, wakilala zizini. Kastori ndiye aliyekuwa anaongea. Kila jioni alimtembeza Longino nyumbani kwetu kwa maneno, mlango huu, mti huu, mama anakaa hapa. Longino alikuwa mdogo, wa kwao hakuwakumbuka vizuri, na alisema baada ya muda kumbukumbu za Kastori zilikaa pale ambapo za kwake zingekaa. Walipokuwa vijana, Kastori alishikwa na homa wakati wa mvua. Zahanati ilikuwa mbali. Longino alimbeba mgongoni siku mbili. Alifia njiani, akiwa bado anasema amwambie mama.

"Nilikuja kumwambia mama," alisema. "Kwa miaka mingi niliogopa, halafu nikaja. Nilikuwa nimeshika kofia, neno liko mdomoni. Akaniita kwa jina lake. Akanishika hivi. Dada, mimi sikuwahi kushikwa hivyo. Nikasema nitamwambia kesho."

Nilikaa kwenye udongo. Nilimlilia Kastori kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekufa, si kama mtu aliyepotea. Ni kilio tofauti, kina mwisho. Longino alikaa pembeni, hakunigusa.

Tulikwenda kwa mama pamoja. Alikuwa mlangoni, anachambua mchele. Longino akapiga magoti, akasema, "Mama, mimi si Kastori."

Mama hakuinua macho. Mikono yake tu ndiyo ilisimama.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu ukiwa bado pale njiani. Mtu hashiki kofia namna ile anaporudi kwao. Hushika hivyo anapoleta habari. Nikaona nikikuacha ufungue mdomo mwanangu atakufa palepale uani. Nikakuita jina lake, ukanyamaza, naye akapata siku moja zaidi ya kuishi. Halafu nikataka siku nyingine, halafu nikataka harusi." Akasukuma ungo pembeni. "Sasa sema. Sema yote."

Longino akasema yote. Mama aliuliza mambo madogo tu. Alikuwa amefunikwa na nini. Alikuwa anakohoa au hakohoi. Nani alimfumba macho. Kila jibu alilipokea kwa kichwa, kama mtu anayepokea vitu vya mwanawe kimoja kimoja. Mwisho akainuka, akaingia ndani, na ndipo tulipomsikia akilia.

Mjumbe wa mlima na padri walielezwa. Ilikuwa aibu, siwezi kukuficha. Wa kwao Efrazia walikasirika, na wana haki. Mama alikwenda mwenyewe, kwa fimbo, kuomba radhi. Wapo majirani waliotaka Longino afukuzwe, wakasema alitaka shamba. Mama aliwaambia aliyelitoa shamba ni yeye mwenyewe na aliyelirudisha ni yeye, na hajawahi kumsikia Longino akiliomba.

Tumekaa msiba siku zake, bila kaburi. Longino alisimama mbele ya watu akaeleza alipomzika Kastori. Mwezi wa saba, barabara ikikauka, tutavuka mpaka pale Kobero sote watatu atuonyeshe, kama bado panajulikana. Kuna yule mzee mwenye ng'ombe pia, huenda yuko hai.

Siku tuliyoondoa msiba watu walinyolewa, wakanywa, wakaondoka. Tulibaki watatu uani. Longino alikuwa amefunga kifurushi chake, amekiweka karibu na ukuta. Mama alikiona. Akamuuliza, "Na wewe, nani anakutafuta?"

Uthmani, miezi yote ile nilimtazama mtu huyu kutoka kila upande. Nilipima mwendo wake, usingizi wake, hadithi zake, nikitafuta kaka yangu ndani yake, kisha nikitafuta mwizi wa kaka yangu. Swali hilo halikunijia hata siku moja.

Alifikiri kweli, kama mtu anayepekua mifuko. "Sidhani kama yupo, mama," alisema. "Waliokuwa wananijua walikufa nikiwa mdogo. Aliyebaki alikuwa Kastori."

Mama alimtazama. Hakumkumbatia safari hii.

"Longino," alisema, akilijaribu mdomoni. "Sikujui bado. Itanichukua muda. Kaweke kifurushi ndani, halafu uje uniambie unapenda kula nini, maana tangu ufike nakupikia chakula cha mwenzio."

Akasema anapenda viazi vitamu vya kuchoma, na kwamba maharage ya mama yanamsumbua tumbo tangu siku ya kwanza. Mama akacheka. Nami nikacheka, na yeye akatutazama kwa zamu, hajui kama inaruhusiwa.

Msalimie mama Salima. Mwambie alisema kweli.

Wako,
Paskazia